Gramu Kumi na Nne za Profesa Tveit

Mpaka leo sijaamini. Profesa Tveit! Mtu aliyemletea Bi Eila Niemi mkate wa iliki kila Krismasi!

Bi Eila alitunza hati za kale kwenye maktaba ya chuo kimoja hapa mjini Duluth, Marekani, miaka thelathini na minne, mimi nikimbebea masanduku. Chumbani mwake ni penseli tu. Ukiingia na kalamu ya wino, ole wako. "Weka nje hiyo sumu!" Hata mkuu wa chuo aliambiwa hivyo.

Mwaka wake wa tatu, zilipotea barua tatu za kale za mke wa mtunza mnara wa taa ya meli. Mwizi hakuonekana, lawama zikamwangukia yeye. Cheo hakupanda tena, na kila mgeni kazini alinong'onezewa: huyo ndiye aliyepoteza barua. Ndipo akanunua mizani ya jikoni, akawa anapima kila jalada kabla halijasomwa na baada ya kusomwa.

"Bi Eila, leo unaoka nini?" nikamtania.

"Cheka tu. Jina langu ndilo liko hapo juu ya mizani."

Wiki ya mwisho ya Bi Eila kabla ya kustaafu, Profesa Tveit alirudisha jalada la yule mke wa mtunza mnara baada ya kulisoma. Nikalipima. Limezidi gramu kumi na nne.

"Mizani imeharibika," nikasema.

Bi Eila akalifungua. Lahaula! Barua zote tatu!

Profesa akajiegemeza mezani. "Nilizichukua kwa ajili ya kitabu changu. Nilidhani nitarudisha kesho yake. Daktari kanipa miezi tu, Eila. Ziache humo kimyakimya. Nani atajua?"

"Miaka thelathini na moja, Gordon! Umekula kwangu! Ukanipa pole kwa mdomo huohuo!"

"Si nimezirudisha?"

"Na mimi, nani atanirudisha?"

Mzee akalia. Kusema kweli, nilitaka kumkaba. Bi Eila akafungua daftari la mapokezi: tarehe, kitu, aliyeleta.

"Basi angalau andika kwa penseli," profesa akamsihi.

Bi Eila alilibeba daftari mpaka koridoni, mbali na karatasi zake, akaniomba nimletee kalamu ya wino. Akaliandika jina la profesa lote.