Vishindo Vitatu vya Alasiri

Kila ninaponusa udongo uliochimbuliwa sasa hivi, mimi hurudi uani kwa bibi yangu, kijijini Kengeja, pale wataalamu walipofukia mashine ya kusikiliza matetemeko ya ardhi. Walizitawanya kisiwani kote kwa miezi michache tu. Yetu ilikaa shimoni, kando ya majamvi ya karafuu, ikila jua kwa paneli ndogo ya sola.

"Hii inasikia hata ng'ambo ya bahari," fundi aliyeifukia alimwambia bibi.

Mama, bintiye bibi, alikuwa amevuka bahari kwa meli kutoka bandari ya Mkoani, na simu yake haikupatikana tena. Mimi nikaelewa nilivyotaka kuelewa. Kila siku baada ya sala ya alasiri nilisimama kando ya shimo, vumbi la moto likinipanda vidoleni, nikapiga mguu mara tatu. Kisha nililala kifudifudi, sikio chini, nikingoja. Ardhi ilivuma kama kifua cha mtu aliyelala.

Fundi aliporudi kuing'oa, alifungua kompyuta akaona mistari. "Bibi, nani anapiga vishindo vitatu kila siku saa kumi?"

"Miye. Natwanga," bibi alidakia.

"Mara tatu tu? Basi mna mpunga mtiifu!"

Bibi alicheka. Mimi nililia. "Kwani mama hajasikia?"

Mkono wa fundi ulikuwa tayari kwenye waya. Akauondoa.

"Haijazimwa bado," alisema taratibu. "Piga."

Bibi alivua ndara, akanishika mkono, akapiga mguu kabla yangu.