Mbuzi wa Hina Asipande Jukwaani

Mimi hakuna kitu kinaweza kunishangaza. Niliingia Garissa kwa miguu kutoka Balambala nikiwa na mbuzi kumi na mmoja na shati moja, darasa la tatu sikumaliza, na leo nina maduka mawili, lori, na zizi ambalo vijana wenye digrii huja kuniomba kazi ya kulisimamia. Nimeona ukame. Nimeona Tana ikifurika na kubeba choo mtu akiwa ndani, na akatoka mzima akidai ndoo yake. Kwa hivyo niliposikia kwamba wale wachekeshaji watatu wa zamani wanarudi pamoja jukwaani, sikushtuka. Niliendelea kunywa chai yangu. Kama niliungua ulimi, ni kwa sababu chai ilikuwa moto.

Kwa yule ambaye hakuishi huku wakati ule, nieleze. Walikuwa watatu: Mrefu, Mfupi, na mwenzao aliyecheza mama mkwe. Walicheza kwenye harusi na viwanja vya shule, wakichanganya Kisomali na Kiswahili ili hata askari na walimu waliotoka upande wa Nairobi wacheke. Kaseti zao zilifika Wajir, zikafika Mandera, zikauzwa kambini Ifo kama sukari. Halafu siku moja walilipwa fahali mmoja kwa kazi ya harusi, wakashindwa kumgawa watatu. Hakuna aliyekubali auzwe, hakuna aliyekubali achinjwe. Fahali alikufa kwa uzee wakiwa bado wanamgombania, na kikundi kikafa naye. Miaka kumi na saba hawakusalimiana.

Michezo yao iliyopendwa kupita yote ilikuwa miwili. Mmoja ulikuwa wa mtu aliyekodi gari siku mbili kumtafuta ngamia wake aliyepotea, kumbe ngamia alikuwa anatembea nyuma ya gari akila magunia ya maharagwe. Mwingine ulikuwa wa mbuzi wa hina.

Sasa nitasema jambo ambalo sijawahi kulisema hata kwa mke wangu, ingawa mke wangu ndiye aliyeniambia kwamba mji mzima unalijua. Yule mtu wa mbuzi wa hina ni mimi.

Niliibiwa beberu mweupe. Wezi walimpaka hina ndevu na mgongo, wakamleta sokoni kesho yake, na mimi, mjuzi wa mbuzi, nikamwona, nikampenda, nikamnunua kwa shilingi elfu moja na mia nane. Nilizunguka soko zima nikijisifu jinsi nilivyomkamua muuzaji. Tulipotoka sokoni mbuzi akatangulia. Alikata kona zote bila kuniuliza, akaingia zizini kwangu, akalala mahali pake pa siku zote.

Mfupi aliucheza mchezo huo na bakora mkononi, kifua mbele, akisema, "Mimi hakuna kitu kinaweza kunishangaza!" Maneno hayo aliyaiba kinywani mwangu. Watoto waliyapiga kelele barabarani miaka mingi. Mimi sikuacha kuyasema, kwa sababu yalikuwa yangu kwanza.

Bango la onyesho lilipobandikwa karibu na soko la mifugo, kibanda cha chai kiligawanyika kama fahali alivyoshindwa kugawanyika.

"Waacheni kwenye kaseti," alisema dereva wa lori langu. "Nimewasikiliza njia yote ya Habaswein miaka ishirini. Kaseti haitoki meno. Kaseti haishikwi na sukari."

"Wewe unaogopa ukiwaona wamezeeka utajua na wewe umezeeka," alisema mama anayetuuzia maziwa ya ngamia. "Mimi nitaenda. Nitakaa mbele."

"Mama mkwe mwenyewe siku hizi ni Haji. Anaadhini msikitini. Amesema buibui havai tena," dereva akamjibu.

"Mama mkwe mwenye ndevu!" Mama wa maziwa alicheka mpaka akamwaga kikombe cha mtu. "Wallahi huyo nitamlipia mara mbili."

Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye hata bei ya chai huieleza kama somo, alisema haya ni mambo ya tamaa, wazee wamefilisika, sanaa imekuwa biashara. Tulimuuliza kama atakuja. Alisema ameshanunua tiketi, ili ahuzunike kwa karibu.

Kisha wakanigeukia. "Tajiri, wewe je? Watamrudisha yule mbuzi?"

"Mbuzi gani?" nikasema.

Kibanda kizima kilitazama chai yake.

Ningeweza kuvumilia hayo. Mtu aliyejijenga mwenyewe ana ngozi ya ngamia. Lakini wiki ile ile binti yangu alikuwa anaposwa, na baba wa kijana alikuwa anatoka Habaswein na wazee wake kuja kuzungumza mahari. Ni mfanyabiashara wa ngamia, mtu mzito, haongei mpaka aone umuhimu. Tulipokutana mara ya kwanza nilimwambia kwamba tangu nianze biashara hakuna mtu amewahi kunidanganya sokoni, hata mara moja. Aliinamisha kichwa kwa heshima kubwa. Juu ya maneno yale ndipo posa ilisimama. Binti yangu anampenda huyo kijana, na ameniambia wazi: "Aabo, usiniharibie." Sasa mkwe mtarajiwa angefika siku ya onyesho, na wenyeji wake walikuwa wameshamnunulia tiketi.

Nilimwendea Mrefu. Siku hizi ni dalali wa ng'ombe pale pale sokoni, mgongo umepinda, kwa hiyo urefu wenyewe unaukumbuka tu. Hakuniuliza nimekuja kwa nini. Alikunjua shali yake, akaiweka juu ya mkono wake, akanitazama.

Huku kwetu bei ya mnyama haitamkwi mbele za watu. Mnashikana mikono chini ya shali, na vidole ndivyo vinavyosema. Waliosimama kando wanaona nyuso tu, na uso wa mfanyabiashara ni ukuta. Nikaingiza mkono.

"Nataka mbuzi wa hina asipande jukwaani," nikanong'ona.

"Haye, sawa. Tunahesabu kwa bei ya mbuzi au ya ngamia?" Kwa bei ya mbuzi kila kidole ni elfu moja. Kwa bei ya ngamia, elfu kumi.

"Ya mbuzi, bila shaka."

"Heshima yako ni ya mbuzi, walaal, ndugu yangu?"

Mimi huyu? Nikasema ya ngamia.

Nilimshika kidole kimoja. Akanishika vyote vitano, akavibana. Nikarudisha viwili. Akasema Mfupi ana wajukuu tisa na anaupenda sana mchezo ule. Tulivutana mpaka kiganja kikalowa jasho, tukamalizia vitatu na nusu, ile nusu ikiwa kubonyeza kiungo cha katikati. Aliapa kwamba mbuzi wa hina hatapanda jukwaani. Nilimlipa, nikaenda zangu nikiwa nimeridhika. Nimeshafanya biashara ngumu kuliko ile.

Siku ya onyesho, baada ya swala ya alasiri, ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Mkwe alikaa kulia kwangu mstari wa mbele, shali begani, bakora katikati ya magoti. Aliniuliza jambo moja tu.

"Hawa watacheza yote ya zamani?"

"Sijui," nikasema. "Mimi mambo ya wachekeshaji siyafuati."

"Hata mimi," akasema.

Walipotoka nyuma ya pazia ukumbi ulipiga makofi, halafu ukanyamaza, kama mtu aliyekumbatia ndugu akakuta mifupa. Mfupi alikuwa amekonda. Mchezo wa kwanza ulikuwa wa kibanda cha simu ya sarafu, na vijana wa nyuma wakaulizana, "Buda, sarafu inaingia wapi kwa simu?" Wazee walicheka kabla ya kichekesho kufika. Mfupi akisahau, mwalimu mstaafu alimkumbusha kwa sauti kutoka kwenye kiti chake, akamrekebisha na matamshi. Haji alikataa buibui kama alivyosema, akacheza mama mkwe kwa kanzu na ndevu nyeupe, na kila akimtukana mkaza mwana wake alimalizia na "astaghfirullah." Hapo mama wa maziwa alilia kwa kicheko. Nyuma yangu nilimsikia dereva wangu akipenga kamasi. "Niliwaambia wawaache kwenye kaseti," alikuwa anasema, "niliwaambia." Lakini hakuondoka.

Kisha ukumbi ukaanza: "Mbuzi! Mbuzi! Ngamia! Ngamia!"

Mrefu akainua mkono. "Ndugu zangu, mbuzi hayupo. Amenunuliwa." Watu wakaguna. "Na ngamia pia hayupo. Amenunuliwa."

Nikajiuliza ni nani tena huyo mjinga aliyenunua ngamia.

"Lakini," akasema Mrefu, "tuna mchezo mpya."

Akakunjua shali. Mfupi akaja na bakora, kifua mbele, akasema yale maneno yangu, akaingiza mkono chini ya shali. Baada ya hapo hawakusema neno. Mfupi alianza na uso wa ukuta. Kidole cha kwanza, jicho moja likafumba. Cha pili, bakora ikaanguka. Cha tatu, akapiga goti huku kifua bado kiko mbele. Haji alisimama pembeni kama shahidi, na kila kidole akasema, "Astaghfirullah." Ilipofika ile nusu, Mfupi alitoa sauti ya mbuzi.

Ukumbi ulipasuka. Wale vijana wasiojua simu ya sarafu, vidole vya sokoni walivijua, maana baba zao wamewalipia shule kwa vidole hivyo. Dereva wangu alikuwa juu ya kiti. Mwalimu hakuwa na neno la kumkumbusha mtu. Na siwezi kusema nilidhulumiwa: mbuzi wa hina hakupanda jukwaani. Nilipewa nilichonunua.

Mimi nilikaa nikitazama mbele, mtu pekee asiyecheka ukumbi mzima. Nilikuwa namfikiria binti yangu na lile neno lake, usiniharibie. Mkwe alikuwa anacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha ajabu, cha kutetemeka bila sauti, macho chini. Halafu bila kunitazama akaitoa shali begani, akaitandaza juu ya goti langu na lake, akautafuta mkono wangu.

"Nionyeshe," akasema.

Ningeweza kumpa kidole kimoja. Ningeweza kukataa katakata, nimekataa miaka mingi. Lakini chini ya shali mtu hasemi uongo, na nilikuwa nimechoka. Nikamshika vitatu na nusu.

"Bei ya ngamia?"

"Ya ngamia."

Kisha akaugeuza mkono wake juu ya wangu, akanishika, taratibu, vidole vinne.

Nilimtazama. Ndevu zake zilikuwa zimelowa machozi. "Gari nilikodi siku mbili," akasema. "Maharagwe yalikuwa ya mama yangu."

Nakiri kwamba nilishangaa. Ilikuwa mara ya kwanza, na sitarajii ya pili.

Kesho yake mazungumzo ya mahari yaliisha kabla chai haijapoa. Wazee walioandaa hotuba walirudi nazo. Binti yangu sasa anaishi Habaswein, na mkwe na mimi tukikutana hatuongei sana, ila yeye anajua, nami humkumbusha, kwamba kwa Mrefu nilimshinda kwa nusu kidole nzima. Na yule beberu mweupe, ambaye alikuwa wangu tangu azaliwe, amenigharimu kwa jumla shilingi elfu thelathini na sita na mia nane.