Usukani Katikati ya Maji

Siku moja, kabla daraja halijajengwa, nilivuka kwa feri ya Kilifi, nimesimama kando ya lori la makuti lililozimwa injini. Dereva wake alikuwa na macho mekundu na shati linalonuka bangi. Alikuwa akikata usukani kulia na kushoto, taratibu, kwa uangalifu mkubwa.

Mama mmoja wa Mambrui, abiria wake, alimwambia kwa upole, "Mwanangu, tumo ferini. Gari limezimwa."

"Ndiyo maana siendi mbio, mama."

Nyuma yao, dereva wa pikapu alicheka, chupa ya pombe ya mnazi mapajani. "Bangi hiyo. Sisi wa mnazi twajiweza."

Feri ilipofika ng'ambo, wa bangi aliduwaa, njia i wazi mbele yake. Wa mnazi akakanyaga mafuta, akamgonga kwa nyuma. Askari alipokuja, kila mmoja alimshitaki mwenzake kwa ulevi, na sikuona aliyesema uongo.

Barazani tungebishana hadi magharibi nani kati yao ni afadhali. Mama yule alichukua kikapu chake, akashuka.

"Mama, hatujafika," dereva wake akamwita.

"Nami nataka kufika, mwanangu," akajibu, akaanza kupanda mlima kwa miguu.