Pointi ya Mochari

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya Kitengela, Injinia Mkuu alinikalisha mbele ya kompyuta iliyochunga jengo zima: feni, pampu, matangi, vyumba baridi. Kila kilichopimwa au kuwashwa tulikiita pointi, na kila pointi ilikuwa na namba na rangi yake. Nikaanza kusoma namba. Akanikatiza.

"Wacha namba. Namba inaweza kaa hapo ikikudanganya. Angalia rangi kwanza."

Nyeupe, mambo shwari. Nyekundu, kipimo kimevuka mpaka. Manjano, kipimajoto kimenyamaza na unasoma namba ya zamani. Niliyokuja kuichukia ni zambarau. Maana yake mtu ameishika pointi na kuiandikia namba anayoitaka mwenyewe. Mafundi hufanya hivyo wakati wa ukarabati, kisha huiachilia. Usipoiachilia, kompyuta itakuonyesha matakwa yako mpaka kiama.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Kajiado. Huko bosi alikuwa Meneja wa Majengo, mtu wa suti na manukato, aliyeogopa nyekundu kwenye skrini kuliko moto wenyewe. Ijumaa moja, nikiwa mapumzikoni, wageni wakubwa walikuwa njiani na king'ora cha mochari kikalia. Mashine ya kupoza ilikuwa imekufa. Meneja akamwamuru fundi wa zamu aishike pointi ya joto la mochari kwenye digrii nne. Kelele ikaisha. Wageni wakanywa chai, wakasifu usafi, wakaenda zao.

Jumatatu asubuhi nilikuta digrii nne, zambarau. Nilikimbia. Harufu ilinipokea kabla sijafika mlangoni. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tulificha maradhi ya nyumba ya wafu.

Asubuhi hiyohiyo Mwende alikuja kumchukua mama yake, wakazike Makueni. Alikuwa ametoka kazi za nyumbani Saudia, mama akafa kabla hajarudi.

"Niko na haja moja tu," aliniambia. "Nimuone uso. Sikumuaga."

Meneja akanivuta kando. "Mwambie stima ilipotea wikendi yote."

"Mkubwa, stima ilikuwako."

"Unataka kazi ama hutaki?"

Mhudumu wa mochari alishalifunga jeneza kwa misumari. Hakuna mtoto aliyestahili kuuona uso ule. Nikamweleza Mwende kwamba mashine ya kupoza ilikufa tangu Ijumaa, na kwamba kompyuta ndiyo huichunga. Akauliza, "Kwani hiyo kompyuta yenu haikuona?"

"Iliona, mama. Ilipiga kelele, ikanyamazishwa na watu."

Mwezi haukuisha nikastaafishwa kabla ya umri. Vijana wa chuo hunialika niwafunze, nao hunihakikishia kwamba mifumo ya siku hizi ni mahiri zaidi. Nawaambia hata ule wetu haukukosea. Hasira hunipanda kila nikilisimulia jambo hili, wala sijuti kusema ukweli. Lakini asubuhi ile Mwende aliweka kiganja juu ya mbao za jeneza, akakisogeza ncha hii, akakisogeza ncha ile, kisha akaniuliza, "Kichwa kiko upande gani?" Nami sikujua.