Punje Tano Kwenye Faili la Rosalind

Rosalind Peckham alikuwa hawezi kabisa kuzivumilia kofia za karatasi. Kila Novemba, Sikukuu ya Shukrani ikikaribia, shule ya mtaa wa pili inawatoa watoto barabarani, nusu wamevaa kofia nyeusi za karatasi, nusu wamebandikwa manyoya kichwani, wanaimba, wazazi wanapiga picha. Historia imekwisha. Miaka mia nne iliyopita wageni walikuja na meli kutoka ng'ambo, wenyeji wakawapa chakula, wakala bata mzinga pamoja, kila mtu kwao. Rosalind akiwaona wanapita alikuwa anafunga pazia.

"Uongo na gundi," aliniambia siku moja. "Afadhali gundi ni ya kweli."

Nilikuwa nakaa chini yake, na bado nakaa. Sakafu yake ndiyo dari yangu, kwa hiyo shule yake nimeisoma miaka minne bila kujiandikisha. Alikuwa anawafundisha watoto wake mwenyewe nyumbani: Clemmie, miaka kumi, na Asa, miaka saba. Jumatatu mpaka Ijumaa ni mwalimu. Jumamosi na Jumapili watoto wanakwenda kwa baba yao, Dwight, na yeye anakwenda kiwandani kuchambua yale matunda mekundu machachu ambayo nchi nzima inayapika sosi mara moja kwa mwaka na kuyasahau.

Dwight si mtu mbaya. Hilo ndilo linaloudhi. Ni fundi bomba, hanywi, anawapenda watoto. Ila vuli ile alikwenda mahakamani akisema anataka watoto wakae kwake na waende shule kama watoto wengine. Mahakama ikapanga kesi tarehe tisa Desemba, ikamteua mama mmoja, Bi Fontaine, atembelee nyumba zote mbili aandike ripoti. Kwa hiyo Rosalind alijua kabisa. Vuli ile alikuwa anafundisha huku watoto wenyewe wako kwenye mizani.

Mtu mwenye akili angetulia. Angenunua vitabu vya kazi vyenye picha za bata mzinga, watoto wapake rangi, basi. Yeye akafanya kinyume.

Mwanzoni mwa Oktoba alimwaga maharage mia moja na mawili mezani, moja kwa kila abiria wa ile meli. Watoto wakaandika majina juu yake kwa kalamu nyembamba. Halafu kila asubuhi kabla ya chai Rosalind anasoma nani alikufa majira yale ya baridi ya kwanza, na mtoto analitoa haragwe lake analitia kwenye kopo. Mlio wa kopo nilikuwa nausikia huku chini. Wake za watu walikuwa kumi na wanane. Kufika ile sherehe ya kula pamoja walibaki wanne.

Asa aliiba haragwe moja akalificha kwenye soksi.

"Huyu hafi," alisema.

"Amekufa, Asa. Ana miaka mia nne amekufa."

"Basi si haraka. Akae."

Kando ya maharage kulikuwa na bakuli limefunikwa kifudifudi. Hilo ni kijiji cha Patuxet, cha wenyeji, ambacho kiliisha chote kwa maradhi yaliyokuja na meli za kabla ya hiyo. Wageni walijenga juu ya mashamba ya marehemu. Rosalind hakulifunua lile bakuli hata siku moja. Alisema hakuna wa kuhesabu. Na Sikukuu ya Shukrani yenyewe, wakati sisi wengine tunatia siagi kwenye viazi, yeye kila mwaka aliwapeleka watoto Plymouth, pale pale wageni walipojenga, kwenye kilima ambako wajukuu wa wenyeji wanakutana kuomboleza. Wanasimama nyuma kabisa, kimya, pua nyekundu, wanasikiliza, wanarudi.

Mpaka hapo nilikuwa upande wake. Sasa tuje kwenye mahindi.

Nyumba nyingi za huku, siku ya sikukuu, unakuta punje tano za mahindi makavu kwenye sahani kabla chakula hakijaja. Watu wanasema kuna wakati wale wageni walipewa punje tano tu kwa mlo. Basi unashika punje, unataja kitu unachokishukuru, unashika nyingine, mpaka tano. Halafu bata mzinga anaingia na kila mtu anasahau punje zake ziko wapi. Bibi yangu alikuwa anampa mbwa.

"Wanaonja njaa kama wanavyoonja supu," Rosalind alisema. Akaamua mwaka huu watoto wake wataijua kwa vitendo. Jumatatu ya wiki ya sikukuu: asubuhi punje tano za kukaanga, mchana tano, jioni chakula cha kawaida.

Clemmie ndiye aliyekataa.

"Wao jioni walikula tambi?"

"Hapana."

"Basi hiyo ni kudanganya, Mama. Si unasema tusidanganye?"

Ningependa kusema Rosalind alimwambia mtoto anyamaze. Alifurahi. Niliisikia furaha kwenye sauti yake. Jioni nayo ikawa punje tano, na kesho yake pia.

Saa kumi na nusu Jumatatu Asa alikuwa analia mpaka taa yangu inatikisika. Nikapanda na mkate wenye siagi ya karanga. Rosalind akaniangalia, akamwangalia mtoto, akanipokea sahani mwenyewe akampa.

"Kula, mwanangu. Historia yako imeisha."

Asa akala huku analia. Clemmie alikuwa pale mezani na penseli, ananitazama kama nimeuza nchi.

"Na wewe?" nikamwambia. "Kuna kipande kingine."

"Mimi bado nasoma," akasema.

Alikwenda hivyo mpaka Jumanne saa sita mchana. Alikuwa anashuka kuchukua barua, miguu ikamwisha akakaa kwenye ngazi, mweupe kama chaki. Rosalind alimbeba juu, akamkaangia mayai manne, akamlisha kwa mkono wake. Hiyo nimeiona kwa macho yangu na niliieleza mahakamani. Haikusaidia.

Sitamsafisha. Alikosea. Mtoto wa miaka kumi anayempenda mama yake hawezi kukwambia imetosha, atakaza mpaka aanguke. Mtu mzima ndiye anayetakiwa kusema imetosha, na Rosalind alichelewa siku nzima kwa sababu alikuwa anajivunia.

Lakini si njaa iliyomponza. Njaa ile ingebaki baina yetu watu wanne. Kilichomponza ni faili.

Watu wanaosomesha watoto nyumbani wana ugonjwa mmoja: kila kitu kinaingia kwenye faili. Mara moja kwa mwaka ofisi ya elimu inaweza kutaka ushahidi kwamba watoto wanajifunza, kwa hiyo mtoto akikoroga unga, picha. Akipanda mbegu, picha na maelezo. Ukiwa mwalimu wa namna hiyo, jambo lisilo kwenye faili ni kama halikutokea. Clemmie alikuwa ameandika ukurasa mmoja kuhusu siku zile, na Rosalind aliuweka wa kwanza kabisa, pamoja na picha ya mtoto mbele ya sahani. Niliusoma. Uko hivi:

"Asubuhi punje tano. Nilizinyonya kwanza ili zikae. Mchana Asa alianza kulia kama mbwa anayetaka kuingia ndani. Jioni punje tano. Nilimchukia Mama. Halafu nikafikiri kwamba watoto wale pia waliwachukia mama zao, halafu mama zao wakafa, na wao wakabaki na ile chuki hawana pa kuipeleka."

Rosalind alilia alipousoma. Alisema hakuna mtoto wa miaka kumi jimbo hili zima aliyeandika kitu kama kile. Na ni kweli, hakuna.

Wakili wake alimpigia siku moja kabla Bi Fontaine hajaja. Simu ilikuwa mezani, sauti wazi, nami nipo.

"Bi Peckham, ameomba orodha ya masomo. Mpe orodha."

"Nitampa faili lote. Sina cha kuficha."

"Sijasema ufiche. Nimesema hajaomba."

"Atajuaje kwamba wanajifunza?"

"Huyu si mwalimu mwenzako. Hasahihishi."

Alipokata simu nami nikajaribu. "Roz, toa ile karatasi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu itasomwa na mtu asiyekujua."

"Si ndiyo maana ya kuandika?"

Akalifunga faili, karatasi ikiwa bado ya kwanza.

Bi Fontaine alikuja, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, mama mpole wa makamo. Aliniomba nikae, maana mimi ni jirani na alitaka kunihoji pia. Rosalind akamwekea faili mbele kama mtu anayeleta keki. Bi Fontaine alisoma ule ukurasa mara mbili. Akamgeukia Clemmie.

"Siku ile ulikuwa na njaa?"

"Ndiyo."

"Sana?"

"Ndiyo lilikuwa somo."

"Ulimwomba mama chakula?"

"Hapana."

"Kwa nini hukuomba, mpenzi?"

"Wale hawakuwa na wa kumwomba."

Kalamu ikaandika. Ikaandika muda mrefu. Halafu akamuuliza Rosalind kama angelifanya tena somo lile, na mimi nikawa natazama zulia, naomba mwanamke huyu kwa mara moja tu maishani adanganye.

"Ningemtoa Asa mapema zaidi," alisema Rosalind. "Na Clemmie ningemsimamisha jioni ya kwanza. Lakini ndiyo."

Ripoti ilisema kunyimwa chakula kwa kisingizio cha masomo. Kilima, bakuli, maharage, vitabu arobaini alivyosoma Clemmie mwaka ule, havikupata hata mstari. Hukumu ilichukua dakika tisa. Watoto wakae kwa baba, waingie shule Januari, mama awaone Jumamosi na Jumapili. Kiwandani ikabidi aache.

Koridoni mwa mahakama Dwight alikuwa anazungusha kofia mikononi.

"Roz, sikutaka iwe hivi."

"Ulitaka iweje?"

"Nilitaka waende shule tu."

"Sasa wanakwenda."

Clemmie alikuwa kati yao. "Ni ile karatasi yangu?" aliuliza.

Rosalind akachuchumaa mbele yake. "Mimi ndiye niliyeitoa," alisema. "Wewe uliandika tu."

Sidhani kama mtoto alimsadiki.

Mwisho wa Januari Dwight alimpigia Rosalind simu. Mwalimu wa shule amelalamika: Clemmie anasoma kuliko darasa zima, hesabu za kinywa anajibu, lakini haandiki. Karatasi anazirudisha nyeupe. Hata jina haweki.

"Wewe ulikuwa unamfanyaje mpaka anaandika?" Dwight aliuliza.

"Nilikuwa namwambia aandike ukweli."

Halafu Dwight akasema, "Basi mwambie tena."

"Jaribu wewe," Rosalind alisema.

Jumapili Dwight huja kuwachukua saa kumi na moja jioni. Jumapili iliyopita, saa tisa tu, nilifungua mlango nikamkuta Clemmie ameshavaa koti na kofia, amekaa kwenye ngazi, theluji imeanza. Juu Asa anacheka na mama yake. Nikamuuliza hasikii baridi?

"Nasikia," akasema. "Lakini nikikaa juu nitasema kitu, halafu mtu atakiandika."