Jaji Hali Samaki wa Mtaroni

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mke wangu, hajawahi kupigwa picha akicheka. Si kwamba hacheki. Anacheka sana, ila akiona kamera hununa kama mtu aliyekanyagwa kidole. Ndiyo maana nimeona afadhali nimwandike, maana picha zitamsingizia.

Mimi ni fundi makochi. Sina duka. Nazunguka na sindano yangu ndefu na gunia la sponji, na nikiambiwa kiti kimepasuka, nakaa papo hapo nakishona. Nimekaa kwenye kumbi nyingi, nimesikia mengi. Watu wakimwona mzee ameinama nyuma ya kochi, hudhani na masikio yake yameinama.

Shemeji anafanya kazi kwenye nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na vinane. Aliajiriwa kufagia. Miaka kumi na mmoja iliyopita, mwenye nyumba alileta tangi kubwa la kioo, likawekwa pale mapokezi, na ndani yake samaki wawili wadogo kama kidole gumba. Aliyewauza alisema neno moja tu, "Hawa wanakula vilivyo hai," akaenda zake. Wafanyakazi wakatazamana. Mpishi akasema kazi yake yeye ni kukaanga samaki, si kuwapakulia. Basi ufagio na samaki vyote vikamwangukia shemeji.

Alianza kwa kubahatisha. Siku moja akakamata panzi wadogo wanono kwenye bustani ya jirani, akarudi anaimba, akawamwagia. Hakujua kwamba asubuhi ile ile bustani ilikuwa imepigwa dawa ya wadudu. Ilipofika jioni samaki mmoja alikuwa anaelea ubavu. Wa pili alipona kwa sababu mwenzake alimpokonya panzi wote. Nilimkuta shemeji stoo, amekalia ndoo iliyopinduliwa.

"Shemeji," akaniambia, "nimemuua kwa mkono huu. Tena nilikuwa namwonyesha mapenzi."

Nilimshikia ufagio.

Tangu siku hiyo hakuna kilichoingia kwenye lile tangi bila yeye kujua kimelala wapi. Panzi anawafuga mwenyewe kwenye boksi la wavu, kwa majani aliyoyaosha, na kabla hajawatoa huwang'oa ile miguu ya nyuma yenye misumeno. Minyoo hukaa siku mbili kwenye udongo safi wenye unyevu, mpaka watoe uchafu waliokula. Samaki wadogo wanazaana kwenye mabeseni chini ya kitanda chake. Wakitoka kwa mtu mwingine, hukaa wiki mbili peke yao huku yeye akiwakagua asubuhi na jioni, kama kuna mwenye doa jeupe au pezi lililooza. Na hata akiwa mzima, akiwa mkubwa kuliko mdomo wa mlaji, haingii.

Majirani wakampachika jina la Mama Minyoo. Yeye husema, "Sawa tu. Wangu nawajua. Nyie wenu wako tumboni."

Samaki aliyebaki akakua, akawa mrefu kama mkono wangu mpaka kiwiko, magamba kama vifungo vya koti, mdomo umepinda kwa dharau. Wakamwita Jaji, maana anakutazama kama anayejua ulichofanya jana.

Mwaka huu akaja meneja mpya. Kijana mzuri, mwenye tai, mwenye haraka. Siku ya Jumanne nilikuwa nyuma ya kochi la mapokezi nikibadilisha sponji, nikamsikia.

"Mama, kuanzia leo huyu asile. Jumamosi kuna wageni wa kikao, nataka wamwone akiwinda. Samaki mwenye njaa ndiye mwenye burudani."

"Samaki mwenye njaa hachagui, bosi. Anameza kwanza, anajuta baadaye. Kama watu wengine."

Nikakohoa. Meneja akageuka, akaniona, akaniacha.

"Ni amri," akasema.

"Nimesikia," akajibu shemeji. Kusikia si kukubali, lakini meneja alikuwa mgeni kwake, hakulijua hilo.

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa, kila mtu na kikombe chake cha chai. Nami nilikuwepo, nimebakiza mto mmoja. Meneja akaingia na ndoo iliyofunikwa kitambaa kibichi, anatabasamu kama bwana harusi.

"Wamevuliwa leo leo kwenye mtaro ule wa nyuma ya soko," akawatangazia wageni. "Wazima, wanaruka! Mama, fungua tangi."

Shemeji akafunua kitambaa, akachungulia. Akakifunika tena taratibu, kama mtu anayefunika uso wa marehemu.

"Hawa hawaingii."

"Unasemaje?"

"Jaji hali samaki wa mtaroni. Maji yale yanapita nyuma ya gereji na nyuma ya vyoo, bosi, na hawa wanayanywa. Isitoshe humu kuna kambare."

"Kambare si samaki?"

"Ni samaki. Na moto ni mwanga, lakini hatuulalii."

Wageni wakaanza kucheka chini chini. Shingo ya meneja ikavimba.

"Fungua kufuli."

"Kufuli ni langu. Nililiweka baada ya mgeni mmoja kumtupia Jaji kipande cha keki. Na ufunguo uko mahali ambapo bosi mwenye heshima zake hawezi kutia mkono."

Hapo ukumbi ukalipuka. Mimi nikajichoma sindano.

"Mama, unajua naweza kukufukuza kazi sasa hivi?"

"Najua." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Miaka kumi na mmoja nafagia hapa, sina kazi nyingine. Nifukuze. Lakini nikabidhi kwanza. Nani anampokea Jaji?" Akageukia mlango wa jikoni. "Kaka mpishi, utamchukua?"

"Mimi?" Mpishi akaficha mikono nyuma ya aproni. "Dada, mimi nina watoto."

Meneja hakuwa na pa kurudi, watu wote wanamtazama. Shemeji naye akasogeza ndoo miguuni pake.

"Tufanye hivi, bosi. Kama hawa ni salama kwenye koo lake, basi ni salama kwenye kiganja chako. Mkamate kambare mmoja tu, umfumbate. Ukimfumbata bila kelele, nafungua kufuli mbele ya wote, halafu nakwenda nyumbani."

Nilitaka kusema kijana usijaribu. Nikainamia mto wangu, Mungu anisamehe.

Meneja akakunja mkono wa shati. Akatia mkono. Akafumbata. Kisha akatoa sauti ambayo usingeitegemea kwa mtu mwenye tai. Mkono ulipotoka, kambare mdogo, si mrefu kuliko kalamu, alikuwa ananing'inia kiganjani, mwiba umezama.

Shemeji hakucheka. Alimkalisha meneja kwenye kochi langu, akauchomoa mwiba polepole, akaagiza maji ya moto kiasi cha kuvumilika, akauzamisha ule mkono humo. Huku anamsafisha akawa anasema, na ukumbi mzima unasikiliza:

"Huyu akishtuka anatanua miiba ya ubavuni, na hata akifa haikunjiki. Wewe una mkono, na mtu wa kukuchomolea, na bado umelia. Jaji hana mkono. Huyu akimkwama kooni, atamchomoa kwa kitu gani?"

Mgeni mmoja, bwana mwenye miwani, akauliza kwa upole, "Kwa hiyo leo hatutaona akila?"

"Hapana, baba. Amekula asubuhi. Minyoo wanne." Akamgeukia meneja. "Na jana amekula, na juzi, tangu ile Jumanne uliyosema asile. Ukiandika makosa yangu, usilisahau hilo."

Samaki wa ndoo shemeji aliwarudisha mtaroni mwenyewe. Alisema wao hawana kosa, hawakuomba kuja.

Jumatatu barua ikatoka kweli. Onyo: kukaidi amri mbele ya wageni. Kufukuzwa hakufukuzwa. Meneja alikuwa amemuuliza mlinzi, amemuuliza wa mapokezi, amemrudia mpishi, na hakuna aliyekubali kutia mkono kwenye tangi la Jaji, wala kulala na mabeseni chini ya kitanda. Yeye mwenyewe bado mkono ulikuwa kwenye bandeji. Alimtaka shemeji atie saini.

"Kosa ni langu, nalikubali, na likitokea tena nitalirudia," akamwambia. "Saini sitii. Ila karatasi nitachukua, naiona ni ngumu."

Akanijia pale nilipokuwa namalizia ule mto.

"Shemeji, niazime sindano."

Nikampa. Akakaa chini, akaikunja barua mara mbili, akaitoboa matundu madogo madogo, yamepangana vizuri kuliko mishono yangu. Kisha akaifunga kwa mpira juu ya kopo la minyoo, akalitikisa kidogo, akalitegea sikio.

"Karatasi nzuri," akasema. "Inapitisha hewa."

Akafungua kufuli, akaenda kumlisha Jaji.