Siku Niliyokuwa Wakili wa Soko

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa mtu mwingine akaongeza chumvi: yule mwanamke wa suti nyeusi aliyesimama kwenye roshani ya diwani akawaambia waandamanaji wa Kenyatta Market warudi makwao, yule ambaye mpaka leo kuna watu pale sokoni wanamwita "wakili" huku wakicheka, ni mimi. Sikusomea sheria. Nilisomea jiografia, na nikapata daraja la pili, tena la chini.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Diwani wetu alikuwa na miezi miwili tu kwenye kiti. Wakati wa kampeni alikuja sokoni karibu kila Jumamosi, akala nyama amesimama kama kila mtu, akaahidi paa jipya, watu wakampa kura, na barua ya kwanza aliyoandika baada ya kuapishwa ikasema vibanda vyote vya upande wa nje viondolewe ili pawe na maegesho ya magari. Mama yangu ni msusi. Kibanda chake, viti viwili na kioo kimoja, kiko upande wa nje.

Na mimi (hapa ndipo mtanihukumu, na ni sawa) nilikuwa nimepewa kazi ya ukarani katika ofisi ya diwani huyo huyo. Mjomba alimpigia kampeni, na alipoulizwa anataka nini akasema ana mpwa aliyemaliza chuo, amekaa Waithaka kwa mama yake mwaka mzima akiandika barua za kuomba kazi zisizojibiwa. Mama hakujua. Nilikuwa natafuta wakati mzuri wa kumwambia. Jumapili alikuwa amechoka, Jumatatu alikuwa na furaha nikaona nisimharibie, Jumanne alikuwa kimya nikafikiri labda ameshasikia, na kama ameshasikia basi heri aanze yeye, na hivyo hivyo mpaka Alhamisi, siku ya kuripoti, nikaamka nikakuta ameshatoka.

Nilipitia River Road, katikati ya mji, kutoa nakala za vyeti. Jamaa wa mashine alikuwa amefungua redio, na redio ikasema watu wa Kenyatta Market wameandamana dhidi ya diwani wao mpya na barabara imefungwa.

"Si walimchagua wenyewe?" akasema jamaa bila kuinua kichwa. "Miezi miwili washamchoka. Wangoje miaka mitano kama sisi wengine."

"Na wewe wakikubomolea utangoja?" akauliza mama mmoja nyuma yangu kwenye foleni.

"Mimi nimebomolewa mara tatu, mathe. Nimezoea."

"Basi hapo ndipo ulipoharibika. Kuzoea." Akanigeukia. "Ama unaonaje, madam?"

Nikasema kila upande una hoja yake. (Hilo ndilo jibu langu kwa kila kitu, hata nikiulizwa kama nataka chai ama kahawa.) Mama yule akaniangalia, akaguna, akarudi kwenye makaratasi yake.

Magari ya kwenda upande ule hayakuwepo, nikatembea, na viatu nilivyovaa vilikuwa vya kukaa ofisini, si vya kutembelea mji mzima. Njia nzima watu walikuwa wanazungumza habari ile ile. Mlinzi wa lango moja alisema wanaoandamana ni wavivu, waende wakafanye kazi. Muuza mahindi hatua ishirini mbele akasema ingekuwa yeye angeshachoma tairi zamani. Fundi viatu aliyekuwa kando yake akasema diwani huyu na yule wa kabla yake ni mamoja, na wote watatu wakasema maneno yao kwa sauti moja ya uchovu, kama watu wanaosoma orodha ya vitu vya dukani. Mimi niliwaitikia wote. Kila mmoja aliniaga akiamini niko upande wake.

Karibu na soko, vijana walikuwa wamepanga mawe barabarani.

"Sista, tawi liko wapi?" akauliza mmoja. "Leo hupiti bila tawi."

Mnajua desturi. Siku ya maandamano tawi bichi mkononi ndiyo ruhusa, linasema uko pamoja nao, hata wenye magari hulichomeka mbele ya kioo wapite salama. Ningeweza kusema naenda ofisini kwa diwani, wangenizomea. Ningeweza kurudi nyumbani, ningepoteza kazi kabla sijaipata. Nilisimama pale nikipima hili na lile mpaka kijana akaniuliza kama naumwa, ndipo nikavunja tawi kwenye ua wa mtu (mwenye ua akanitukana, na alikuwa na haki), nikaliinua juu, nikapita.

Hatua hamsini tu. Nilihitaji hatua hamsini kufika kwenye ngazi za ofisi, iliyokuwa ghorofa ya kwanza ya jengo linalotazamana na soko. Lakini mwanamke wa suti nyeusi, mwenye faili kwapani na tawi mkononi, hapotei katikati ya watu wa aproni.

"Wakili amefika!" mtu akapaza sauti. "Mpisheni wakili!"

Omondi, muuza nyama aliyekuwa mwenyekiti wao, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Madam, pole na safari. Tulikuwa tumeanza kusema hutakuja. Ofisi yenu ilisema wakili atakuwa hapa saa tatu."

Nilifungua mdomo kusema siye mimi. Halafu nikaliona swali litakalofuata: basi wewe ni nani, na unaenda wapi? Nikaufunga. Kunyamaza kwangu kukachukuliwa kuwa ni kukubali, na kabla sijapanga sentensi nzuri ya kujieleza nilikuwa nimewekewa mkononi barua ya malalamiko na kurasa tatu za sahihi na alama za vidole gumba.

"Ingia umpe," akasema Omondi. "Sisi akituona anafunga mlango. Msomi atamsikiliza."

Askari wawili waliokuwa kwenye ngazi waliona suti, wakasogea. Ndivyo nilivyoripoti kazini siku yangu ya kwanza, nikisukumwa mgongoni na watu mia waliokuja kumpinga mwajiri wangu.

Diwani alikuwa ameketi na shati limefunguka vifungo, macho mekundu. Alinitazama, akatazama barua, akatazama tawi.

"Wewe si ndiye karani wangu?"

"Ndimi, mheshimiwa."

Alicheka mpaka akakohoa. Nikamweleza, na maelezo yangu yakawa marefu kama kawaida, akaninyamazisha kwa kiganja.

"Sikiza, binti. Mimi nimechoka, wao wamechoka. Toka hapo kwenye roshani uwaambie nimesoma barua yao na nitawajibu baada ya wiki mbili. Waende."

"Umeisoma?"

"Nitaisoma."

"Lakini wanafikiri mimi ni wakili wao."

"Mimi sikuwaambia hivyo. Wewe uliwaambia?"

"Hapana."

"Basi hakuna aliyesema uongo. Kazi yako inaanzia hapo. Ama hutaki?"

Nilitaka. Mwaka mzima nilikuwa nataka. Nikatoka.

Kutoka juu nilimwona mama mara moja, mstari wa pili, kitana kimechomekwa kwenye nywele zake kama kila siku ya kazi. Na yeye akaniona. Nikasema maneno yale, wiki mbili, nendeni nyumbani, kwa sauti ambayo sikujua ninayo, na mtashangaa jinsi walivyokubali haraka. Walikuwa wamesimama tangu alfajiri, jua limepanda, na nafikiri walikuwa wanangoja tu mtu yeyote mwenye suti awaambie wanaweza kukaa chini. Wengine walianza kuondoka.

Ndipo msusi mmoja akasema kwa nguvu, "Huyo si Njoki? Mama Njoki, si huyo ni wako?"

Omondi akageuka, akaukamata mkono wa mama akautikisa. "Kumbe umetuzalia wakili na umenyamaza hivyo! Mama Njoki!" Wanawake wakapiga vigelegele. Mama aliinua uso akanitazama kwa muda mrefu. Halafu akatabasamu kidogo, akaacha mkono utikiswe.

Wakili wa kweli alifika kabla vigelegele havijaisha, mwanamume mnene, koti begani, viatu vimejaa vumbi. Na yeye alikuwa ametembea kutoka mjini.

"Nani amewaambia mtawanyike?" akauliza huku akihema. "Diwani alitakiwa kupokea barua mbele yenu atie sahihi! Nani amemkabidhi?"

Watu wakainua macho kwenye roshani, wote. Nilimwona Omondi akiuachia mkono wa mama, polepole, kidole kimoja kimoja.

Nilishuka kwa ngazi zile zile, zilizoanzia kwenye roshani. Mlango wa ofisi ulikuwa umefungwa nyuma yangu, na hata usingefungwa nisingeweza kubaki huko juu huku mama amesimama peke yake chini. Hakuna aliyenipiga wala kunitukana. Hawakunijali hata kidogo. Walikuwa wanamtazama yeye.

"Mama Njoki," akasema Omondi, "wewe ulijua?"

"Nilijua amesomea jiografia."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia.

"Sasa mbona ulinyamaza?"

Mama aliurudisha ule mkono aliokuwa bado ameunyoosha, akaufuta kwenye aproni.

"Nilidhani ana mpango," akasema.

Vibanda havijabomolewa mpaka leo, na paa halijajengwa. Wakili alimtafuta diwani, akapata sahihi yake siku nyingine, sikuwepo. Kazi nilikuwa nayo kwa muda kama nusu saa. Jina la mama waliliondoa kwenye kamati ya wasusi, kwa upole sana, wakisema apumzike, na hajawahi kunilaumu, jambo ambalo linanichosha kuliko kelele.

Mimi nimeapa. Mtu akinidhania kuwa mtu ambaye siye, namkatiza palepale. Juzi nilienda kumwona mgonjwa hospitalini, mzee wa watu akaniambia, "Daktari, samahani," nikapaza sauti "Hapana! Jiografia!" mpaka nesi akaja mbio. Mzee alikuwa anataka tu asogezewe glasi ya maji. Nikamsogezea, nikamweleza mimi ni nani, nimetoka wapi na nimekuja kumwona nani, yote, kabla hajauliza.